Pumzi ya Kuazima

"Puliza," mkewe alimwambia. "Usilionee huruma. Puto ni puto tu."

Mizani akalibana lile puto jekundu kwa midomo, akavuta hewa iliyokuja kwa kusuasua, akapuliza. Puto likavimba kufikia ukubwa wa yai la kuku, kisha likagoma. Akashikwa na kikohozi kirefu kilichomfanya aegemee meza, na puto likamrudishia usoni pumzi yote aliyolipa. Binti yao Kadogo, aliyekuwa ameketi chini akisubiri zamu yake ya kulichezea, akacheka. Mama yake alimtazama mara moja tu, akanyamaza.

"Jaribu tena."

"Mama Kadogo, nimejaribu tangu nimeingia humu ndani."

"Nesi anakuja wiki ijayo. Huyo hutamwambia kwamba umejaribu tangu umeingia humu ndani."

Mizani si jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa akipima mifuko ya unga kwenye kiwanda cha utomvu wa papai, na jina la kazi lilimfuata mpaka nyumbani likakataa kurudi. Utomvu ulikingwa mashambani kutoka kwenye mapapai mabichi, ukaletwa kwa mapipa, ukakaushwa, ukasagwa, ukachekechwa mpaka ukawa unga laini wa rangi ya maziwa. Walionunua waliutumia kulainishia nyama na ngozi. Mara moja kwa mwaka uongozi uliita nesi wa mkataba aje na mrija wa kupuliza. Ndani ya mrija kulikuwa na kishale kilichokimbia kwenye rangi tatu: nyekundu, njano na kijani. Aliyefikisha kijani alibaki kazini. Wa njano aliitwa pembeni akasemeshwa. Aliyeishia kwenye nyekundu alipewa mkono wa asante na bahasha nyepesi, akaonyeshwa geti. Uongozi ulisema kipimo hicho ni kwa ajili ya afya ya wafanyakazi, na haukukosea sana, kwa sababu waliofukuzwa waliugulia makwao.

Mwaka uliopita kishale cha Mizani kiliponea kwenye njano. Mwaka huu hata puto la mtoto lilimshinda.

Alikuwa ameshakwenda kwa daktari, kijana mpole wa zahanati ya umma, aliyemuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Jumapili unakuwaje?"

"Jumapili mzima. Hata kuimba naimba."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu nalala nimekaa."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ule unga una kimeng'enya. Ni kitu cha kwenye utomvu, na kazi yake ni kuimega nyama mpaka ilainike. Hakiulizi kama ni nyama ya sufuriani au ya mtu. Lakini kwako kuna jambo la pili, nalo ni mzio. Mwili wako umekichukia. Ukikivuta hata kidogo, kifua kinajifunga. Mwenzako anaweza kukaa humo miaka asipige hata chafya, wewe ukawa kila siku afadhali ya jana. Papai lenyewe unakula?"

"Nimeacha. Midomo inavimba."

"Umeona. Badili kazi."

Alilisema hilo kama anayemwambia mtu abadili shati. Mizani alishukuru, akapokea kikopo cha dawa ya kuvuta, akarudi kwenye mifuko yake.

Basi ndipo wakiwa hapo na puto lao, akaingia Likizo. Huyu alikuwa mdogo wake Mizani, tumbo moja, na jina hilo alipewa na mtaa tangu ghala alilokuwa akibeba mizigo lilipofungwa, kwa kuwa kwake kila siku ilikuwa sikukuu. Alikuwa akilala sebuleni kwao. Akalichukua puto mkononi mwa kaka yake, akalitia mdomoni huku bado anavua kiatu kwa mguu, akalipuliza mara mbili, tatu, mpaka likapasuka.

"Lilikuwa bovu," alisema.

Shemeji yake alikuwa akimtazama kifua, kisha paji la uso, kisha yale macho ya kulegea kidogo ambayo watoto wote wa mama yao walizaliwa nayo.

"Shemeji," alisema polepole, "hebu simama karibu na kaka yako."

 

Mizani alikataa. Alisema yeye si laghai, na kwamba kama pumzi zake zimekwisha, basi na ijulikane zimekwisha. Mkewe alikuwa akipiga pasi mashuka ya watu, kibarua kilichowapatia chumvi na sabuni na si zaidi, akamwacha aseme mpaka aishiwe, jambo ambalo siku hizo halikuchukua muda.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Wakishakupa hiyo asante yao, tutakula nini? Mwenye nyumba tutamwimbia? Sikwambii uzeekee mle. Nakwambia ubaki mpaka tupate pa kushika. Kazi hutafutwa na mwenye kazi. Asiye nayo hakuna anayemtazama. Muulize mdogo wako."

Likizo alikuwa palepale, anakula. Akaacha kutafuna, kisha akaendelea. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwambia aondoke, walikuwa watu wa adabu. Lakini shemeji yake alikuwa na tabia ya kumpakulia mwisho, akikwangua sufuria, na kusema bila kumtazama mtu kwamba chakula cha leo ni cha waliotoka jasho. Likizo alicheka kila aliposikia hivyo. Alicheka na ilimuuma, ilimuuma sana, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwa sababu waliomuumiza ndio hao hao waliomlisha.

"Mimi niko tayari," alisema sasa. "Kupuliza tu? Hiyo si ndiyo fani yangu."

Hata Mizani akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hicho ndicho kilichomaliza ubishi. Kilipotulia alikuwa amekaa kitako sakafuni, macho yamemtoka, mkewe akimpangusa shingo kwa kitambaa, na hakuna tena aliyezungumza habari za ulaghai.

Siku zilizofuata Likizo alifundishwa kuwa kaka yake. Alifundishwa kutembea mabega yamepanda, kusalimia kwa kichwa bila maneno, na kuvaa ovaroli, kofia na barakoa namna ambayo mtu hubaki macho tu. Nesi aliletwa mara moja kwa mwaka, asingemkumbuka mtu. Picha ya kwenye beji ilikuwa imefifia kiasi kwamba ingeweza kuwa ya yeyote.

"Na hili ulishike," shemeji yake alimwambia. "Usipulize zote. Puliza kiasi. Kishale kikigusa kijani, funga mdomo. Hatutaki sifa, tunataka kupita."

"Kiasi," alisema Likizo.

"Rudia."

"Kiasi, shemeji. Kwani mimi mtoto?"

 

Siku ya kipimo Mizani alijificha chumbani kwake, mlango umefungwa, kama mtu anayedaiwa. Likizo akapita getini na beji ya kaka yake, na mlinzi akampungia mkono.

Ndani, watu wa upande wa mizani walimjua mara moja. Mama Sindano, aliyekuwa akishona midomo ya mifuko kando ya mizani, alimtazama juu ya barakoa yake, akashusha sauti.

"Naona leo umerudi ujanani, jirani."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na hiyo shikamoo iache hapo hapo, Mizani huwa ananiita dada. Usiguse kitu, utatuharibia vipimo. Kaa nyuma yangu mpaka tuitwe."

Wengine wa pale nao waliona, wakainamia kazi zao. Kila mmoja alikuwa na kifua chake cha kuogopea. Mwakani huenda naye angehitaji ndugu wa kumpulizia, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufungua mdomo.

Nesi aliketi kwenye meza karibu na ubao wa chaki. Kila aliyepuliza, jina lake liliandikwa ubaoni, wenye nguvu juu na dhaifu chini, ili kila mtu asome. Msimamizi alisimama hapo mikono nyuma. Likizo hakujua kwamba msimamizi alikuwa na shida yake siku hiyo. Mtu wa chumba cha kusagia alikuwa ameanguka mwezi uliopita na hajarudi, na kila aliyetajiwa chumba hicho alikuwa amepata udhuru. Msimamizi alikuwa hasomi ubao kwa kujifurahisha.

Mbele ya Likizo alikuwapo mpakiaji mmoja mwenye shingo ya fahali, wenzake walimwita Tingatinga. Alipuliza, kishale kikapanda katikati ya kijani, jina lake likawekwa juu kabisa. Akageuka akitabasamu.

"Mizani, shika ukuta kabla hujapuliza. Mwaka jana ulitutia huruma."

Foleni nzima ikacheka. Hawakumcheka yeye, walimcheka kaka yake, na hilo lilimchoma kuliko angechekwa yeye. Halafu, nitasema ukweli, lilimchoma jambo jingine pia. Alisikia ile sufuria ikikwanguliwa. Alisikia habari za waliotoka jasho. Akashusha barakoa, akachukua mrija, na neno "kiasi" lilikuwa bado kichwani mwake, nawaapia lilikuwapo. Lakini kifua chake kilikuwa kimejaa, na kwa muda mrefu hakuna aliyekihitaji kwa lolote.

Akapuliza. Kishale kikaruka nyekundu, kikaruka njano, kikapita kijani chote kikagonga mwisho wa mrija, tak.

Nesi akakitikisa kile chombo, akidhani kimeharibika.

"Rudia," alisema.

Hapo Mungu alimpa nafasi ya pili. Angeweza kukohoa, angeweza kupuliza nusu, ikaonekana ya kwanza ilikuwa bahati. Alimwona Tingatinga amekunja uso. Akavuta hewa mpaka mabega yakapanda, akapuliza, na kishale kikagonga tena.

Mtu mmoja akapiga makofi, kisha wote. Walimpiga mgongoni. Likizo, ambaye hakuwahi kuwa wa kwanza hata kwenye mbio za shule, alisimama katikati ya watu huku jina la kaka yake likiandikwa juu ya ubao, na alikuwa na furaha. Mama Sindano peke yake hakupiga makofi. Alikuwa akimtazama msimamizi, na msimamizi alikuwa akimuuliza nesi, "Huyu ni yule wa mizani?"

 

Nyumbani walinunua nyama. Mama Kadogo alimpakulia Likizo wa kwanza, bila kukwangua, na akamwambia ahsante shemeji mbele ya mumewe na mtoto.

"Ulipuliza kiasi?"

"Kijani, shemeji. Kama tulivyosema."

Alimeza tonge na hakutaja makofi. Alitaka usiku mmoja tu wa kula nyama ile kwa amani, nao aliupata.

Asubuhi Mizani alienda kazini, na kabla hajavaa kofia msimamizi alimwekea mkono begani.

"Mzee, ulikuwa unatuficha. Mtu mwenye kifua kama chako anakaa kwenye mizani kama karani. Kuanzia leo uko kusagia. Kuna nyongeza kidogo, si mbaya."

Mizani alivaa kofia. Kama angesema kifua hakiwezi, angeulizwa kifua cha nani kilipuliza jana. Mama Sindano alimfuata mpaka kwenye kona ya mapipa.

"Kataa."

"Nitakataaje, dada?"

"Sema mgongo. Sema macho. Sema mkeo kakukataza."

"Tingatinga alisema mgongo, juzi tu wakampa asante."

"Si Tingatinga, ni yule binamu yake."

"Basi umeona. Yupo wapi binamu yake?"

Chumba cha kusagia kilikuwa na dirisha moja, nalo lilifungwa ili unga usipotee. Mashine ilipowashwa hewa yenyewe iligeuka nyeupe. Unga ulikaa kwenye nyusi, ukaingia kwenye kola, ukapenya chini ya barakoa ya kitambaa na kuwasha ndani ya pua kama pilipili. Mizani aliilowesha barakoa kwa maji, akavuta dawa yake, akamwomba Mungu. Kufikia mchana alikuwa akihesabu pumzi badala ya mifuko.

Jioni aliingia nyumbani, akaketi mbele ya mdogo wake, asivue hata viatu.

"Ulipuliza mpaka wapi?"

Likizo akatazama chini.

"Nakuuliza mpaka wapi."

"Mpaka mwisho."

Mkewe akaacha pasi juu ya shuka la mtu. Harufu ya kuungua ndiyo iliyomshtua akainyanyua.

"Tulikwambia kiasi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tulikwambia urudie mara mia. Kiasi."

"Walimcheka kaka. Walisema ashike ukuta." Likizo alikuwa anatokwa na machozi na hajitambui. "Halafu wakapiga makofi, shemeji. Mimi sikujua kuna chumba. Wallahi sikujua kama kuna chumba."

"Wewe lini ulijua kitu."

"Mwache," alisema Mizani.

"Nimwache? Kesho naenda mimi mwenyewe kwa huyo msimamizi. Nitamwambia yote."

"Ukimwambia, natoka bila hata hiyo bahasha. Na huyu wanampeleka polisi." Akapumzika katikati ya maneno. "Ngojeni mshahara. Nikishika mshahara wa mwezi huu, nitasema mgongo. Nimeshavumilia mengi."

Mama Kadogo hakuenda. Hili ndilo alilokuja kujilaumu nalo kuliko hata lile la puto. Alikuwa ameshavaa viatu asubuhi ile, amefika mpaka kwenye kona ya mtaa, ndipo akafikiria kodi, akafikiria ada ya Kadogo, akajiambia kwamba mwanaume akisema anaweza basi anaweza. Akarudi, akawasha pasi.

 

Likizo alianza kwenda kukaa nje ya geti la kiwanda kila mchana. Hakutumwa na mtu. Aliketi juu ya jiwe upande wa pili wa barabara akiangalia ule moshi mweupe wa vumbi uliokuwa ukitoka kwenye tundu la ukuta, na mlinzi alimzoea akaacha kumfukuza.

Siku iliyotokea, ile dawa ya kuvuta ilikuwa imekwisha tangu juzi yake, na Mizani alikuwa hajasema nyumbani kwa sababu alijua hakuna cha kununulia nyingine. Katikati ya zamu aliizima mashine mwenyewe. Alitoka chumbani akitembea wima kabisa, kama mtu aliyebeba maji kichwani, akafika kwenye mizani yake ya zamani, akaishika kwa mikono miwili. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Kifua kilikuwa kikivuta na shimo la koo likizama, lakini hakuna kilichoingia. Mama Sindano alimdaka kabla hajafika chini, akapiga kelele aitwe mtu.

Msimamizi alikuja haraka, hilo simnyimi. Alimtazama Mizani, kisha akatazama ubao.

"Huyu? Huyu ndiye wa kwanza kiwanda kizima. Huyu hana tatizo la kifua, ameingiwa na woga wa mashine. Mkalisheni kivulini, mpeni maji."

"Baba, huyu mtu anakufa," alisema Mama Sindano.

"Mama, kipimo kipo hapo, umekiona kwa macho yako. Mpeni maji."

Mama Sindano aliyajua yote. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Lakini neno hilo lingemtoa Mizani kazini, na pengine yeye pamoja naye, kwa kuwa aliona na akanyamaza. Akaleta maji. Akamshikilia kikombe mtu ambaye hakuweza kumeza, maji yakamwagikia kidevuni, na dakika zile zilipita bure mbele ya macho ya watu wote. Mpaka aliposhindwa kuvumilia, akakitupa kikombe, akakimbilia getini akiita lile jina la mtaani, "Likizo, Likizo, njoo kaka yako."

Likizo alimpita mlinzi bila kumwona. Alimkuta Mizani amekalishwa ukutani, macho yamegeuka, mikono imelala. Akamgeukia msimamizi, akavua kofia.

"Aliyepuliza ni mimi."

"Nini?"

"Siku ile ni mimi. Kaka yangu hana pumzi, hakuwahi kuwa nazo mwaka mzima. Nifungeni baadaye. Leteni gari kwanza."

Msimamizi alimtazama yeye, akamtazama aliye chini, akaona zile sura mbili. Ndipo gari likaletwa.

 

Hospitali walimrudisha, lakini hawakumrudisha mzima. Walisema wangemwona mapema kidogo ingekuwa habari nyingine, maana ubongo na moyo vilikaa bila hewa na kifua chenyewe kilikuwa kimeshachakaa. Mizani aliletwa nyumbani akiwa mtu wa kukaa. Hakuweza kulala chali, hakuweza kutoka kitandani mpaka uani bila kupumzika njiani, na sentensi aliigawa vipande vipande. Harufu tu ya ovaroli ya jirani aliyekuja kumjulia hali ilimkaba ikabidi yule jirani atolewe nje mbio.

Msimamizi alikuja Jumamosi. Alileta zawadi ya mgonjwa, mapapai matatu mabivu ndani ya mfuko. Mama Kadogo aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kuyaweka nje nyuma ya nyumba, akarudi akiwa ameshanawa.

"Kampuni imesikitika," alisema msimamizi. "Lakini suala la fidia lina ugumu wake. Tukifuata kipimo, mzee alikuwa na kifua kizuri kuliko wote, kwa hiyo haya hayakutokana na kazi. Tukisema aliyepuliza ni mwingine, basi ni udanganyifu, na udanganyifu haulipwi. Ninyi wenyewe chagueni tuandike lipi."

Kutoka kitandani kulisikika ile filimbi ndogo ya Mizani anapovuta hewa. Mama Kadogo alikuwa akiangalia mikono yake mwenyewe. Alikuwa na hasira ya kumtupia mtu kiti, na alijua pia kwamba wazo lilikuwa lake, tangu mwanzo lilikuwa lake, na hasira ikakosa pa kwenda.

"Andikeni mnachotaka," alisema.

Msimamizi akainuka. Mlangoni aligeuka, akamtazama Likizo kwa namna ya mtu anayechagua fahali mnadani.

"Kumbe ile pumzi ni yako. Mimi si mtu wa kinyongo. Chumba cha kusagia bado hakina mtu. Njoo Jumatatu, na mambo ya polisi tutayasahau."

Siku nzima ya Jumapili hawakuzungumza jambo hilo. Walizungumza kuhusu sabuni, kuhusu mvua, kuhusu jino la Kadogo lililokuwa linalegea. Jioni Mama Kadogo alichukua ovaroli mpya iliyoletwa na mlinzi wa kiwanda, bado imekunjwa, hakuna aliyemwomba, akaitandika mezani, akaipiga pasi. Alinyoosha kola, akanyoosha mikono. Likizo alimwona, akaingia ndani.

Asubuhi, Likizo alipotoka sebuleni amevaa, alimkuta kaka yake ameketi kizingitini. Alikuwa amejikokota mwenyewe kutoka kitandani, hakuna aliyejua saa ngapi, akaegemeza mgongo kwenye fremu moja na miguu kwenye fremu ya pili. Ile ovaroli ilikuwa mpya, haijaona unga, hata hivyo alikuwa ameshafunika pua kwa kiganja.

"Kaka, nipishe."

Mizani akatikisa kichwa.

"Mimi sina mzio. Daktari alisema mwingine anaweza kukaa miaka asipige chafya. Si ulituambia mwenyewe?"

Mizani alikuwa na mengi ya kumjibu. Alitaka kumwambia kwamba naye mwaka wa kwanza hakupiga chafya, wala wa pili, na kwamba aliimba akipima mifuko. Alitaka kumwambia kwamba anampenda, maneno ambayo katika ukoo wao hayajawahi kusemwa na mwanaume. Akakusanya hewa yote iliyokuwapo.

"Mimi pia," alisema, "nili..." Pumzi ikaishia hapo.

Wakangoja kuona kama itarudi. Nje watu wa zamu ya asubuhi walikuwa wanapita, beji shingoni, wakichungulia mlango uliozibwa. Likizo akamgeukia shemeji yake. Hakuwa akimwomba chochote, alikuwa akingoja kusikia. Angesema kaa, angekaa. Angeivua ovaroli papo hapo na kurudi kuwa mtu wa kupakuliwa mwisho, na angeshukuru.

Mama Kadogo alijua hivyo. Akapiga magoti, akamshika mumewe chini ya makwapa, taratibu, kama anavyomnyanyua kila siku kwenda kuoga, akamsogeza pembeni. Mizani alijaribu kuwa mzito. Hakuwa na uzito wowote.

"Wahi, shemeji," alisema bila kuinua uso. "Usichelewe siku ya kwanza."